Tusimhukumu anayecheza ndani ya baa, tuangalie mshahara wake

Ugonjwa ukiingia mtaani, lawama ya kwanza inamwangukia msichana anayecheza usiku ndani ya baa. Mwezi wa 9 mwaka 2023, aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, mji wa dhahabu huko Mwenga, Kivu ya Kusini. Kati ya wagonjwa wa kwanza walikuwemo wanawake wengi wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa. Ni rahisi kusema wao ndio walioleta balaa. Mimi nakataa.

Tuhesabu usiku mmoja. Mara nyingi mcheza ngoma hana mshahara. Anaishi kwa noti za wateja na kwa chupa anazouzisha, tena anakunywa nao. Pesa isipotosha kodi ya nyumba na unga, mteja aliyetoka kuuza dhahabu anamwambia: bila kapoti, naongeza. Hapo anayeamua ni mwenye pesa. Na kwa mama aliyekimbia vita akaacha shamba, kukataa ni kulaza watoto njaa.

Kukikucha, kituo cha afya kinafunguliwa wakati yeye analala. Akienda, anaogopa kuchekwa. Lakini dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, kisha inamezwa siku 28. Aliyebakwa au aliyepasukiwa na kapoti Ijumaa usiku, akingoja hadi Jumanne, amechelewa.

Wenye baa, lipeni mshahara, wekeni kapoti karibu, na mteja mwenye fujo mumtoe nje. Waganga na wauguzi, fungueni hata jioni moja kwa juma, mpokee mgonjwa bila mahubiri. Wanaume wenzangu, tusijifiche: mpox inapita hata kwa kugusana ngozi, kwa hiyo mteja anaweza kuirudisha nyumbani kwa mke na watoto. Kutoka Kamituga ilifika Bukavu, Goma, hata Burundi.

Na ninyi wazazi mlio kambini au kwa jamaa waliowapokea: binti akirudi alfajiri, msimfukuze. Akifukuzwa, atalala kwa mteja. Mpeni maji ya kuoga, mumwambie habari ya zile saa 72, na ikihitajika mumsindikize hospitali.