Neno la Mhariri: Mwanafunzi wa Jiografia Atoke Nje

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020. Mwezi Mei mwaka huohuo mvua kubwa zikanyesha juu ya Milima ya Rwenzori, na mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ikafurika kwa siku zilizofuatana. Maji yalishuka na magogo na mawe, yakachukua madaraja na nyumba, yakaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Wanafunzi wa sekondari wa Kasese na Bwera walikuwa nyumbani. Baadhi yao walikuwa na vitini vya kujisomea vilivyotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, wengine walitegemea vipindi vya redio, na wengi hawakuwa na kitu. Aliyebahatika kuwa na kitini cha jiografia kinachoeleza jinsi mto unavyochimba, unavyobeba na unavyotua mzigo wake, alikuwa na mto unaoyafanya yote matatu hatua chache kutoka kwao. Lakini kitini kilichoandikwa Kampala kwa ajili ya nchi nzima hakikuwa na swali hata moja la kumuuliza juu ya mto huo.

Toleo hili linahusu elimu ya masafa, na najua wasomaji wengi watatarajia tuanze na simu, bando na umeme. Tutayafikia. Hoja yangu lakini ni nyingine, na naiweka mapema ili anayetaka kubishana nami aanze kujiandaa: katika masomo yote ya sekondari, jiografia ndiyo inayoweza kufundishwa vizuri zaidi kwa masafa, kwa sharti moja tu, kwamba kinachotumwa kwa mwanafunzi kiwe kazi ya kumtoa nje. Tukimtumia muhtasari wa kukariri, tumempa daftari la shule bila shule.

Tazama kile alichonacho mtoto wa Kasese kabla hajapewa kitabu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Maziwa ya George na Edward, yaliyounganishwa na Mfereji wa Kazinga, yako kwenye mita mia tisa na kidogo. Kati ya hapo na pale, ndani ya wilaya moja, kuna barafu karibu kabisa na ikweta, mianzi, kahawa ya miteremkoni, pamba ya tambarare na mbuga ya wanyama. Ikweta yenyewe inakatiza barabara kuu kusini mwa mji, upande wa Kikorongo, ambako watalii husimama kupiga picha. Uwanda wa Kasese ni mkavu na joto lake linajulikana, ilhali mlima uliouegemea unanyeshewa karibu mwaka mzima. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, wa kuyateremsha maji ya mlimani hadi kwenye mashamba yasiyopata mvua ya kutosha. Mwalimu wa Nairobi au Dodoma anachora haya ubaoni kwa chaki za rangi. Huku yanaonekana kutoka uani.

Basi kazi ya masafa ingekuwaje? Chukua Katwe. Ziwa limo ndani ya kreta, linalishwa na chemchemi zenye chumvi, na maji yake hayana pa kutokea ila juani. Watu huvuna chumvi humo katika vidimbwi vya maji walivyovigawa kwa matope na miti. Swali la kutuma: waulize wavunaji watatu ni miezi gani chumvi hupungua, kisha eleza kwa nini, ukitumia mvua na uvukizaji. Chukua Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye treni nazo zikaacha kuja. Swali: mji uliozaliwa mwisho wa reli unaishi kwa nini baada ya reli kufa? Orodhesha kazi za majirani kumi. Anayeandika jibu hilo kwa uaminifu atakuwa amesoma sura nzima ya viwanda na makazi, na atakuwa na mifano ambayo mtahini hajawahi kuisoma mara mia mbili kwa maneno yaleyale.

Bwera ina lake pia. Kushuka kidogo kutoka mjini kuna Mpondwe, na ng'ambo ya Mto Lhubiriha kuna Kasindi, Kongo. Siku za soko mwanafunzi anaweza kukaa saa moja kando ya barabara akahesabu kinachovuka kwenda na kinachovuka kurudi, akakiweka katika chati. Na kuna jambo ambalo watoto wa mpakani wanaliishi bila kulifanyia hesabu: saa za Kasindi ziko nyuma ya saa za Mpondwe kwa saa nzima, na kati ya miji hiyo miwili kuna daraja tu. Jua halikujua kwamba limevuka mpaka. Hapo ndipo pa kumfundishia mtu longitudo, nyuzi 15 kwa kila saa, na tofauti baina ya saa ya jua na saa ya serikali. Sijui mfano bora kuliko huo katika Afrika Mashariki yote, na huyu mtoto anaweza kuupata kwa kumwuliza mama muuza ndizi ni saa ngapi.

Silidharau somo la mbali. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Uganda alisoma Mto Rhine, Amerika ya Kaskazini na China kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, na wapo waliokuja kuwa wanajiografia wazuri kwa njia hiyo. Rhine ina mengi ya kumfundisha mtu wa Nyamwamba: jinsi mto unavyodhibitiwa, kwa gharama gani, na nani analipa. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio. Mtu aliweza kutaja bandari za Rhine kwa mfuatano bila kuulizwa kamwe kwa nini kijiji chao kimejengwa juu ya kilima na si bondeni.

Tena tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa zana duni zaidi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa, kikundi kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Anayesema kwamba redio haiwezi kufundisha aanzie hapo. Redio ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa mwanzo wa somo, na nusu ya pili ya somo ilikuwa jembeni. Vipindi vya mwaka 2020 nchini Uganda vilikuwa na haraka ya dharura, siwalaumu waandaaji. Ila mwanafunzi aliyesikiliza peke yake, bila kikundi, bila kijitabu, bila kazi ya kufanya redio ikishanyamaza, alikuwa anasikiliza hotuba tu. Na ramani ya kontua haisomeki redioni, hilo halihitaji utafiti.

Sasa pingamizi, na ni pingamizi zito. Mlima hausahihishi daftari. Zaidi ya hapo, mlima hudanganya. Mwanafunzi wa eneo hili amezungukwa na kreta za volkeno kutoka Katwe hadi Kyambura. Akitazama kwa macho yake matupu, atahitimisha kwamba Rwenzori nayo ni volkeno, kama Muhavura au Kilimanjaro. Atakuwa amekosea kabisa: Rwenzori ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa mzima mzima na nyufa za Bonde la Ufa, na vijikreta vya chini ni habari nyingine. Macho hayatoshi kumweleza hivyo. Anahitaji mtu wa kumwambia, na mtu huyo anahitaji kuiona kazi yake kwanza, asome alivyofikiri, aone alipopotea njia. Kwa hiyo ninaposema tumtoe mwanafunzi nje simaanishi tumwachie mlima umlee. Namaanisha bahasha iende na bahasha irudi. Mipango mingi ya masafa niliyoiona inahesabu bahasha zinazokwenda peke yake.

Hapa ndipo fedha zingepaswa kwenda. Mwalimu mmoja wa jiografia wa Bwera, akilipwa posho ya kusahihisha kazi arobaini kila wiki mbili, na bodaboda akilipwa nauli ya kuzipeleka na kuzirudisha, anazidi programu yoyote ya simu ninayoijua. Picha ya ukurasa kwa WhatsApp itasaidia pale penye mtandao. Lakini tukumbuke kwamba Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa kwa siku kadhaa, na kwamba Julai mwaka huohuo, shule zikiwa zimefungwa tena, ulianza ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Sheria ilisamehe data ya elimu na tiba. Anayenunua bando kibandani Bwera hana namna ya kueleza kwamba la kwake ni la kutazama ramani.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza Februari 2020, wiki chache tu kabla ya shule kufungwa, unaelekea upande huohuo ninaousema. Jiografia ni somo la lazima, mwanafunzi anatakiwa kufanya shughuli na miradi, na asilimia 20 ya alama inatokana na kazi za miaka ya darasani, 80 ikibaki kwa mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB). Wazo ni zuri. Ila limeandikwa kana kwamba kila mwanafunzi yuko shuleni siku zote. Aliye nyumbani, nani anaiandika ile ishirini yake?

Na wa nyumbani hawatakwisha. Tusijidanganye kwamba elimu ya masafa ilikuwa habari ya korona na korona imepita. Juni 2019 Ebola iliingia Uganda kupitia mpaka huu huu wa Kongo, na wagonjwa wakapokelewa katika hospitali za Kagando na Bwera. Mei 2020 ilikuwa mafuriko, kama Mei 2013 kabla yake. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya usiku ule, mzazi anayemzuia mwanawe kwenda bweni hahitaji kuhubiriwa. Na kazi za nje ninazozipendekeza lazima zimheshimu mzazi huyo: zifanyike mchana, karibu na nyumbani, wawili wawili, mbali na msitu wa mpakani. Soko, mfereji, shamba la jirani na ukingo wa barabara vinatosha kwa mwaka mzima.

Kuna kazi moja nimeibakiza kwa sababu naipenda. Mwaka 1906 Vittorio Sella, mpiga picha aliyefuatana na msafara wa Luigi Amedeo, Mtemi wa Abruzzi, alipiga picha za barafu ya Rwenzori ambazo mpaka leo zinatumiwa na wataalamu kupima kilichobaki. Sehemu kubwa sana ya barafu ile imeyeyuka. Usomaji wa picha umo katika mtihani wa jiografia tangu zamani. Mwanafunzi apewe picha moja ya Sella iliyochapwa vizuri na picha ya leo ya mahali palepale, aandike tofauti, kisha aende kwa mzee wa Kikonzo wa jirani amwulize theluji ilikuwa ikionekana hadi wapi alipokuwa kijana. Gharama yake ni karatasi mbili.

Walimu wa jiografia wa Kasese, Bwera, Kisinga na Hima mliowahi kutunga maswali ya namna hii wakati shule zimefungwa, yatumeni kwetu, hata kama yaliandikwa kwa mkono na hata kama ni kwa Kiingereza. Tutayatafsiri, tutayachapa pamoja na kipande cha ramani ya 1:50,000 ya eneo lenu, na tutayarudisha kwenu bila malipo ili yagawiwe. Walimu wa Kongo wanaofundisha Kasindi na Beni tunawakaribisha vilevile. Mto ni uleule.