Uvumi wa Chanjo Unapita Mikononi Mwetu



Mwezi unapokuwa mpevu, taa zetu hazivuti ndagala. Mitumbwi inapumzika, na mwaloni hapa Rumonge kinachovuliwa ni maneno. Simu inatolewa. Mmoja anafungulia sauti ya mtu asiyejitaja jina, iliyotoka Uvira au Kigoma au asijue wapi, kwamba chanjo inaua uzazi. Watu wanasogea. Huyu anacheka, yule anauliza, mwingine anasema shangazi yake alichanjwa akavimba mkono. Jioni sauti imefika Nyanza-Lac, na shangazi naye yumo, ila sasa amekufa.

Tukiri kwamba wengi wetu tumeshiriki. Hakuna aliyejiandikisha kuwa adui wa chanjo. Anayewatumia wenzake habari hiyo anashukuriwa, anaonekana mtu anayejali. Kwa hiyo kumtukana kuwa mjinga ni kosa, tena ni kazi bure.

Uvumi hushika panapo chembe ya kweli. Machi 2023 serikali ilitangaza kurudi kwa polio, baada ya zaidi ya miaka 30. Virusi vyenyewe vilitokana na vile vilivyopunguzwa makali katika matone ya chanjo. Wavumi wakashangilia: si tuliwaambia? Lakini nusu ya habari waliiacha. Virusi hivyo hupata nguvu pale watoto wengi wasiochanjwa wanapoambukizana kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka minne aliyegunduliwa Isale hakuwa amechanjwa.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Februari 2021 waziri wa afya alisema nchi haikuhitaji bado chanjo ya korona. Oktoba mwaka huo huo watu wakaanza kuchanjwa. Mwananchi aliyesikia yote mawili, tumshangae akiuliza?

Na kuna jambo lisilosemwa kabisa. Mama anayekamua mawese kwa kibarua akipoteza siku, nyumbani hawali. Kwake uvumi una faida, unampa sababu ya kutokwenda zahanati. Kwa hiyo tunadai siku ya kumpeleka mtoto chanjo ihesabiwe kuwa siku ya kazi na wenye vinu wailipe. Wauguzi nao waje mwaloni siku za mbalamwezi, wakati akina baba wako nchi kavu, waulizwe maswali yote, hata yale ya shangazi.