Mtoto akiuliza, "Mshana maana yake nini?"

Katika shule nyingi za Same, si ajabu kumkuta mtoto aitwaye Mshana ameketi dawati moja na mwenzake aitwaye Msuya. Siku moja wa kwanza anarudi nyumbani na swali: "Baba, Mshana maana yake nini?" Wazazi wengi hujibu, "Ni jina la ukoo wetu," kisha mazungumzo yakaishia hapo.

Jibu hilo ni la kweli, ila halimtoshi mtoto. Washana ni ukoo wa wahunzi. Wazee wao walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito vya milimani, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na visu. Chuma chao kilinunuliwa hadi Uchagani.

Mwenye chuma alikuwa na nguvu, maana mkulima alimhitaji na mpiganaji pia. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya Wapare, anaeleza kwamba Washana walitawala Ugweno, Upare Kaskazini, hadi walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Kumbe watoto wale wa dawati moja wana habari ndefu kati yao!

Uingereza nako kuna jina kama hili: Smith, yaani mhunzi, na ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi nchini humo. Kule fundi mmoja mmoja aliitwa kwa kazi yake, watoto wakarithi jina hata wasiposhika nyundo. Upare jina lilikuwa la ukoo mzima, na ufundi ulirithishwa humo humo.

Leo akina Mshana ni walimu, wauguzi na madereva, na jembe hununuliwa dukani. Wanaokumbuka habari za wahunzi ni wazee, nao wanapungua.

Basi mzazi, mkipanda milimani Desemba hii, mkalishe mtoto karibu na babu au bibi. Aulize: nani wa mwisho kufua chuma katika ukoo? Tanuri lilikuwa wapi? Kuna nyundo au jembe la zamani lililobaki? Wewe rekodi kwa simu hiyo hiyo unayosomea. Na kama jina lenu ni Msuya, Mbwambo au Mchome, maswali ya kuuliza hayakosekani.