Tope Ndilo Theluji Yetu

Kwenye baadhi ya Toyota Crown na Mark X zinazoletwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika Japani, karibu na gia kuna kitufe kimeandikwa SNOW. Maana yake ni theluji. Ukikibonyeza, gari linaondoka kwa upole, halimwagi nguvu zote kwenye tairi kwa mkupuo mmoja. Wenye magari hayo wengi wanakiona kama pambo. Theluji gani Tanzania, labda uhamie kileleni Kilimanjaro?

Mimi nasema kitufe kile kimefika mahali pake. Natoka Nyakakika, wilayani Karagwe, Kagera. Kwetu mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, kati ya Septemba na Desemba, halafu Machi hadi Mei. Udongo ni mwekundu, vilima vimefuatana, na barabara za vijijini nyingi ni za udongo. Ukilowa, udongo ule unageuka sabuni. Anayeendesha Karagwe au Kyerwa mwezi wa Novemba na anayeendesha Sweden mwezi wa Januari wana tatizo moja: tairi haishiki barabara.

Wanachuo wenzangu, hoja yangu ni fupi. Kuendesha gari kwenye utelezi ni elimu, na ifundishwe kama elimu. Tuache kuiita bahati, tuache kuiita "uzoefu wa mtu", na zaidi ya yote tuache kusingizia gari.

Tuanze na gari lenyewe. Probox nyingi na IST zinavutwa na tairi za mbele. Uzito wa injini unakaa juu ya tairi zilezile zinazofanya kazi. Lakini Haisi, Mark II, Crown na Noah za zamani zinasukumwa na tairi za nyuma. Gari la namna hiyo likiwa tupu, nyuma ni jepesi, na tairi zinazunguka bure. Dereva mgeni akiona haliendi anaongeza mafuta, basi anajichimbia shimo mwenyewe. Kwenye kona ndiyo balaa zaidi, maana mkia unataka kutangulia kichwa.

Hapo ndipo watu husema, "Hizi gari za zamani hazifai, nunueni four-wheel." Sawa, nani ananunua? Mkulima wa ndizi na maharage hana pesa ya Land Cruiser, na mwenye Haisi ya abiria naye hana. Tena hata hiyo four-wheel inakusaidia kuondoka na kupanda tu. Kwenye kusimama haina uchawi wowote. Ukifunga breki ghafla kwenye mteremko wenye tope, Land Cruiser na Mark II zote zinaserereka, tena Land Cruiser inaserereka na uzito mkubwa zaidi.

Likizo moja nilipanda Mark II ya mzee mmoja kutoka Kayanga kurudi nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulipofika chini ya kilima, mimi na kijana mwenzangu tukafungua mlango ili tushuke, tupunguze uzito.

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Tunashuka mzee, ipande."

"Kaeni hapo hapo nyuma, mwanangu. Mkishuka ndiyo haipandi."

Mikungu ya ndizi iliyokuwa juu ya keria aliihamishia kwenye buti. Akatoa upepo kidogo kwenye tairi za nyuma. Akaweka gia namba mbili, akaondoka taratibu kama anayebeba mayai, na hakusimama wala kuongeza mafuta mpaka tulipofika juu. Kule juu akashuka, akatoa pampu ya mguu, akarudisha upepo. Hakueleza kitu. Kwake yeye ni mambo ya kawaida kabisa.

Lakini jamani, ile ni fizikia tupu. Uzito juu ya ekseli ya nyuma unazikandamiza tairi zinazosukuma. Mzigo wa kwenye keria unalifanya gari liyumbe, ule wa kwenye buti unalituliza, mradi usizidi mpaka tairi za mbele zikashindwa kukata kona. Gia namba mbili inapunguza nguvu inayofika kwenye tairi, ndiyo kazi ileile ya kitufe cha theluji. Tairi yenye upepo kidogo inagusa ardhi kwa upana zaidi. Yule mzee hakusoma uhandisi, ila anaujua kwa mikono.

Yako na mengine wanayoyajua wazee kama yeye. Mkia ukihamia kulia, usukani nao uende kulia. Mguu utoke kwenye mafuta polepole, breki usiikanyage kwa hofu. Kwenye mteremko, ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Ukiishusha katikati kwa ghafla, injini inazibana tairi za nyuma peke yake na mkia unahama. Na tairi kipara usiende nayo popote, kwa sababu tope likijaa kwenye meno mafupi, umebaki na mpira laini juu ya sabuni.

Asije mtu akasema hii ni elimu ya shida, elimu ya watu waliokosa magari mazuri. Afrika Mashariki tulishawahi kuionyesha dunia. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 tena 7 tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, kwenye Peugeot 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, naye kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5.

Magari hayo yote yalisukumwa na tairi za nyuma. Kwa kweli kuanzia 1963 hadi 1986 kila gari lililoshinda Safari lilikuwa la namna hiyo. Madereva wa Ulaya walikuja na timu za viwanda, wakakwama kwenye tope letu mwaka hadi mwaka. Aliyekuja kuvunja mwiko ni Hannu Mikkola, mwaka 1972, akiwa na Ford Escort. Mikkola anatoka wapi? Finland, nchi ya theluji. Baada yake wakashinda Björn Waldegård wa Sweden, Ari Vatanen na Juha Kankkunen, wote wawili wa Finland. Siamini kama ni bahati. Aliyekulia kwenye theluji na aliyekulia kwenye tope wamefundishwa na mwalimu mmoja, utelezi.

Tofauti yetu na wao inakuja baada ya hapo. Wenzetu wameiweka elimu hiyo kwenye sheria. Sweden na Norway hupati leseni ya gari dogo bila kupitia mafunzo ya uwanjani, ambako unajifunza gari linavyoserereka. Sisi je? Shule ya udereva niliyosoma mimi ilinifundisha alama za barabarani na kurudi rivasi katikati ya koni, juu ya lami kavu, jua likiwaka. Neno "tope" sikulisikia hata mara moja. Na cheti kile kile kinamruhusu mtu kwenda kujifunza hayo mengine akiwa na abiria.

Abiria wenyewe ni nani? Ni mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Nyakahanga usiku. Ni wanafunzi wanaofunga shule Desemba. Ni mchuuzi ambaye ndizi zake zikilala njiani siku mbili, mtaji umekwisha.

Najua jibu lipo tayari: "Subirini lami." Lami tunaitaka, na ile ya kutoka Kyaka hadi Bugene imetupunguzia adha kubwa. Lakini haitafika kila kitongoji mwaka huu wala mwakani, na hata ikifika, tope linaloburutwa na magari kutoka njia za pembeni linaifanya nayo iteleze. Kusubiri lami siyo sababu ya kutofundisha watu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mtaala wa udereva uwe na somo la utelezi, kwa vitendo. Uwanja wa udongo, boza la maji na gari moja kuukuu vinatosha, hatuhitaji theluji. Pili, wenzangu wa uhandisi, mkienda field kwenye mikoa ya mvua, kaeni na madereva wazee, pimeni na kuandika wanachofanya. Wakistaafu nacho, kimepotea. Tatu, hili linatuhusu wote hapa chuoni. Tunapokodi Haisi kwa safari ya mafunzo, tunauliza bei na muziki. Tuulize tairi. Piga magoti uziangalie mwenyewe, hasa zile za nyuma. Kama hazina meno, hiyo safari ya masika isubiri gari lingine.