Chanda Kisichosomeka

Wahenga walinena: chanda chema huvikwa pete. Siku hizi, ndugu msomaji, chanda hutakiwa kwanza kisomwe na mashine.

Si jambo geni. Chai ilipoenea Kericho katika miaka ya 1920, kibarua alivaa shingoni kipande chenye alama za vidole vyake. Bila hicho hapana kazi. Leo bila kitambulisho hupati laini ya simu, na bila laini hapana M-Pesa. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, nayo imeleta mashine za vidole hospitalini.

Lakini kazi ya mikono hufuta alama za vidole. Mchuma chai wa Kericho au Bomet, baada ya miaka ishirini shambani, aweza kuambiwa na mashine kuwa si yeye. Nasi wa pwani twaujua uchungu wa kuulizwa vyeti vya babu.

Januari 2020 Mahakama Kuu iliisimamisha Huduma Namba mpaka pawepo sheria madhubuti. Sheria za namna hiyo hazina budi kusema wazi: mashine ikishindwa kumtambua mtu, watu wamtambue. Mgonjwa asirudishwe mlangoni kwa chanda kilichochakaa kwa jasho la halali.