Mandhari si pambo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasemao kuwa mashairi ya kale ya Kichina yaliyotungwa na maofisa wa mfalme ni maua na sifa tu. Si kweli. Mwaka 756, enzi ya Tang, waasi wa An Lushan waliuteka mji mkuu, Chang'an, wakamlazimisha mshairi Wang Wei awatumikie. Akiwa mateka alitunga shairi fupi lenye majani yanayopukutika katika jumba tupu la mfalme. Mji ulipokombolewa alishtakiwa kwa kuwatumikia waasi, na shairi hilo likasaidia kumwokoa. Majani yale yalimtolea ushahidi. Kwa hiyo wasomaji wenzangu, tukikuta mlima au mwezi katika mashairi hayo, tusipite mbio. Tuulize mtunzi alificha nini.

Mpenda Mashairi,
Tanga.