Ahadi Iliyotiwa Sahihi Si Karatasi Tupu

Mara nyingi hapa Bunia twasikia watu wakisema: "Haki za binadamu ni sheria za Wazungu. Mahakimu wetu wanazitakia nini?" Maneno hayo si ya kweli, na wanaoyafurahia zaidi ni wenye kutenda maovu.

Tutazame mambo yalivyo. Mwaka 2002 Kongo ilikubali Mkataba wa Roma, unaokataza makosa ya vita na kuyawekea adhabu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 215, yasema kwamba mkataba uliokubaliwa na kutangazwa kwa halali una nguvu kupita sheria za nchi. Kifungu cha 153 chawaagiza mahakimu, wa raia na wa askari, kuutumia. Basi mkataba huo si mgeni tena. Ni wa nyumbani.

Mwezi Machi 2006 mahakama ya kijeshi ya hapa Bunia ilimhukumu Kapteni Blaise Bongi. Wanafunzi watano walibebeshwa mali iliyoporwa, kisha wakauawa. Sheria ya jeshi ya 2002 ilitaja makosa ya vita, lakini haikuyawekea adhabu. Je, mwuaji aende zake kwa sababu watunga sheria walisahau mstari mmoja? Hapana! Mahakimu waliufungua Mkataba wa Roma, wakatoa kifungo cha maisha. Walifanya vema.

Lakini mkataba haukatwi vipande kama nyama sokoni, kila mtu akachukua apendacho. Adhabu yake kubwa ni kifungo cha maisha, wala si kifo. Tena kifungu chake cha 75 chataja fidia kwa walioumizwa. Nasi twaona nini? Mara nyingi mahakama za Kongo zimeamuru fidia ilipwe, hata na Serikali yenyewe, pamoja na wenye hatia. Na wengi waliopewa haki hiyo hawajapata hata faranga moja. Mjane anayo hukumu mkononi, je, ataipika?

Sheria ya Desemba 2022 iliahidi fidia kwa walioteswa katika vita. Twaishukuru, lakini sheria haishibishi mtu kwa kuandikwa tu. Wazee walisema: ahadi ni deni. Mahakimu wa Bunia waliusoma mkataba, wakautii. Sasa ni zamu yenu, wakubwa wa Serikali: lipeni deni!